Kona ya Kulia

Trask Creek, Montana
24 Septemba 1987

Mwanangu Gaylen,

Mko salama huko Tacoma, au mvua imeshawaotesha ukungu? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi limejifanya mtabiri wa hali ya hewa, na husema kweli kuliko redio. Marcy hajambo? Na huyo binti yenu, jino limetoka au bado anawatafuna vidole? Baba yako yupo. Nilimwona Jumapili kanisani na tai yake ya harusi, akaniambia nimenenepa. Huyo ndiye kaka yangu akiwa na afya njema. Najua hukuniuliza habari zake. Nakupa hivyo hivyo.

Haya, tuje kwenye kazi. Humu ndani kuna mkanda mmoja wa filamu nyeusi na nyeupe. Masharti ni yale yale ya siku zote: uoshe kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie mtu pale kazini, na kila picha utakayochapa ukate mstari wa mlima. Mwanamume yeyote wa bonde hili akiona ncha mbili tu za mlima nyuma ya elki, hawa kulungu wakubwa wa milima yetu, anakwambia umesimama wapi, umetazama wapi, na kesho yake asubuhi yuko pale na bunduki. Mume wangu Clifford, Mungu amrehemu, aliwahi kutundika picha moja kwa kinyozi, mlima wote unaonekana, kwa kujivuna tu. Wiki ile ile nilihesabu pikapu kumi na moja chini ya uwanda wangu wa kupigia picha. Ndiyo maana filamu zangu zinasafiri hadi kwako, wakati duka la picha liko hapa hapa karibu na posta.

Sasa sikiliza. Mchungaji amerudi! Yule dume mkubwa niliyempa jina hilo kwa sababu akianza kuita hamalizi, kama Mchungaji Lindahl na sala zake za kabla ya chakula. Pembe zake mwaka huu ni balaa, matawi saba upande wa kulia. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani marefu pembeni mwa uwanda, na koti langu la kahawia, nikapuliza bomba langu la kuitia, lile la kuigiza sauti ya dume. Akajibu. Nikapuliza tena, akatoka mitini mpaka peupe, mvuke unamtoka mdomoni. Nikapiga picha moja baada ya nyingine.

Nilipokuwa nasogeza filamu kwa picha nyingine, paa! Risasi. Magome ya msonobari yakaniingia shingoni, maana ilipiga mti nilioegemea, kiganja kimoja juu ya kofia yangu. Elki wote wakayeyuka. Nikasimama nikatukana matusi ambayo sitayaandika. Hakutokea mtu. Mwoga mkubwa! Najua huku juu kwetu msimu wa bunduki hufunguliwa mapema, madume yakiwa bado yanaita, lakini mtu unafyatuaje hujatazama? Sikumjua ni nani.

Usimwandikie baba yako habari hii. Najua humwandikii, lakini usianzie hapo.

Shangazi yako,
Verna


Tacoma
12 Oktoba 1987

Shangazi Verna,

Samahani kwa kuchelewa. Sisi wazima. Marcy anakushukuru kwa soksi, na mtoto ana meno mawili ya chini ambayo ameshayajaribu kwenye sikio langu. Mvua ipo, ukungu bado.

Kuhusu filamu, nasikitika. Iliingia maji njiani. Hakuna kilichotoka.

Shangazi, nina maswali, usiniulize kwa nini. Baba anavaa miwani siku hizi? Bado anaendesha gari mwenyewe? Anapowinda anakwenda na mtu au peke yake? Na wewe, kile kizibao cha kuwindia cha marehemu Clifford, cha rangi ya chungwa ili wenye bunduki wamwone mtu, bado kipo? Nakuomba, usipande tena uwandani mpaka msimu wa bunduki uishe. Picha zinaweza kusubiri.

Mtoto analia, naishia hapa.

Gaylen


Trask Creek
20 Oktoba 1987

Gaylen,

Nafurahi kwa meno mawili. Hayo ndiyo mazuri pekee yaliyokuwemo kwenye barua yako.

Filamu imeingia maji? Ilikuwa ndani ya kikopo, kikopo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya bahasha. Watu wa posta waliileta huko wakiogelea? Miaka minane nakutumia filamu, haijaingia hata tone. Kama uliiharibu kwenye dawa, sema umeiharibu. Nitanuna mpaka Krismasi, basi, yaishe. Usiniletee habari za maji.

Kizibao cha Clifford kipo msumarini, na kitakaa hapo hapo. Nimewapiga picha elki miaka kumi na tisa na koti hili la kahawia alilonipa baba yako tulipofiwa na mama yetu. Siwezi kwenda kwa wanyama nimevaa kama taa ya barabarani.

Baba yako umeanza lini kumwulizia? Miwani havai, anasema ni ya wazee, yeye ana sabini na moja tu. Anaendesha, ndiyo. Wiki iliyopita aligonga lango la zizi lake mwenyewe, akaniapia kwamba lango lilikuwa limesogezwa. Juzi tulikutana mlangoni mwa duka la Bibi Ostby, akanipita kama nguzo. Nikamwita "Orrin!" akageuka akasema alikuwa anawaza. Anawinda peke yake, tangu ulipoweka bunduki chini ukaondoka. Nani mwingine aende naye?

Jumapili alikuja kula kwangu. Akanimiminia kahawa pembeni ya kikombe, akakilaumu kikombe. Kisha akanisimulia kwamba mwezi uliopita alimkosa dume wa maisha yake. Anasema alikuwa mbele yake kabisa, mkubwa, wa kahawia, kainama kwenye majani anaita, anamwita yeye. Akafyatua, risasi ikapanda juu kidogo. Alisimulia mara mbili, mikono juu ya meza. Nilikula viazi vyangu.

Jumapili hii msimu mkubwa unafunguliwa. Jumatatu nitapanda, Mchungaji bado anaita asubuhi. Usininyime usingizi na maombi yako.

Shangazi yako


Tacoma
24 Oktoba 1987

Shangazi,

Barua yako imefika leo mchana, na hapa sina muda wa kukujulia hali. Nisamehe.

Filamu haikuingia maji. Nilikudanganya. Nimekaa na picha hii kabatini wiki tatu kama mtu aliyeficha maiti. Soma yote kabla hujatoka nyumbani. Kama uko njiani kupanda, rudi.

Ni picha ya ishirini na tisa. Mchungaji kasimama kushoto, ubavu mzima unaonekana, mdomo wazi. Ndiyo picha bora uliyowahi kupiga. Mlima nilikuwa nimeshaukata. Nikataka kukata na kona ya kulia, kwa sababu ina miti na giza tupu, haina faida. Nikaikuza kwanza, basi tu, mazoea ya kazi.

Kati ya miti kuna mtu. Amepiga goti moja. Kizibao chake cha chungwa kwenye filamu yako kimekuwa kijivu, ni kama kivuli, na wewe macho yako yote yalikuwa kwa Mchungaji, ndiyo maana hukumwona. Kitako cha bunduki kipo shavuni. Shangazi, bunduki ukiiona kwa ubavu unaona mtutu mrefu. Huu hauna urefu. Ni tundu. Tundu jeusi la mviringo, na linatazama lenzi. Linakutazama wewe. Nilijikuta nimekaa sakafuni mle chumba cha giza, karatasi mkononi inachuruzika dawa, na mwenzangu anagonga mlango kuuliza kama nimeanguka.

Halafu nikaona kofia. Ile ya mirabaraba, yenye sikio moja lililoshonwa kwa uzi mweupe. Mama aliishona mbele yangu.

Bado sijafika kwenye lililonitisha zaidi. Pima mwenyewe kwa rula. Kutoka kwake hadi kwa Mchungaji hazizidi hatua thelathini. Peupe, Shangazi! Hakuna hata jani la kumziba. Elki mkubwa kama farasi amesimama pembeni yake anaita, na Baba hamtazami. Hamwoni. Kati ya sauti mbili zilizokuwa zikiitana pale, amechagua yako, akalenga kitu cha kahawia kilichoinama. Baba haoni. Sijui tangu lini. Anakwenda msituni na bunduki na haoni.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu tangu nilipomwambia siwindi tena, na yeye akanijibu kwamba basi hana mtoto, hatujasemezana, mwaka wa nne huu. Niliogopa mtasema nimepata fimbo ya kumchapia. Nikasema nitatafuta maneno. Sikuyapata. Kumbe wewe ulikuwa unajipanga kupanda tena.

Leo nimepiga simu dukani kwa Bibi Ostby akupelekee ujumbe. Inalia, hakuna anayepokea. Nikampigia Baba. Nikasema, "Baba, ni Gaylen." Nikasema, "Baba, macho yako yakoje?" Akakata.

Naipa barua hii dereva wa basi la jioni, anipe neno lake kwamba ataiacha dukani mwenyewe. Picha imo ndani. Usipulize bomba lile. Nakuomba kwa magoti.

Gaylen


Trask Creek
28 Oktoba 1987

Gaylen,

Nimeipata jana saa nne asubuhi. Nimeiweka mezani. Nimeigeuza kifudifudi, nimeigeuza tena.

Nimepima kwa rula.

Usimpigie baba yako. Usimwambie mtu. Nitaandika.

V.


Tacoma
15 Novemba 1987

Shangazi Verna,

Siku kumi na nane bila neno. Nimempigia Bibi Ostby, anasema umenunua unga na mafuta ya taa, kwa hiyo u hai. Nikamwuliza kama Baba anakwenda kuwinda, akacheka, akasema gari la Baba limegoma tangu mwezi uliopita na mzee anatukana mafundi wote wa wilaya. Nimemshukuru Mungu kwa gari bovu.

Mtoto ameanza kutambaa kinyumenyume. Marcy ananiuliza kwa nini siongei mezani. Niandikie hata mstari mmoja.

Gaylen


Trask Creek
29 Novemba 1987

Mwanangu Gaylen,

Leo msimu umefungwa, na baba yako hajaua mtu. Naanza na hilo ili upumue.

Mwambie Marcy chapati za viazi nimewawekea kwenye kopo, zitafika zimekauka, mzipashe na siagi. Mtoto kutambaa kinyumenyume si ugonjwa. Na wewe ulitambaa hivyo hivyo.

Sasa niache nikuungamie, kwa kuwa nimekukaripia kwa uongo wako na mimi nilikuwa na wangu. Nilikuandikia kwamba aliyefyatua sikumjua. Nilimjua. Bunduki ile ilikuwa ya baba yetu, nimeisikia tangu nina miaka sita, ina mlio mzito unaoburuta mkia bondeni. Hakuna nyingine inayolia vile. Nilisimama pale na magome ya mti shingoni, nikajua ni Orrin. Lakini nilijiambia amemlenga Mchungaji na risasi imepotea njia. Na mtu wa miaka sabini na moja akimkosa dume wa hatua thelathini, dada yake hamwambii. Unamnyamazia. Huo ndio ustaarabu wetu huku, na ulikaribia kunitia kaburini.

Hata aliponisimulia mezani kwamba dume alikuwa "kainama kwenye majani," nilisikia, Gaylen. Masikio yalisikia. Kichwa kikakataa.

La pili. Barua yako dereva aliiacha dukani Jumapili, na Jumatatu alfajiri mimi nilishapanda. Pikapu ya Orrin niliiona chini langoni. Nikasema atakuwa upande wa mashariki, kama kawaida yake. Nikapiga magoti chini ya mti ule ule. Nikatoa bomba. Nilikuwa na mafua, kifua kimeziba kabisa, nikapuliza, kikatoka kikohozi. Nikajaribu tena, kikohozi. Nikakasirika, nikashuka nyumbani kulala. Jumanne ndiyo nikapewa barua yako.

Niliifungua pale pale kwenye kaunta. Bibi Ostby akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni picha ya mpwa wangu, imetoka vibaya.

Nilitaka kwenda kwake saa ile ile, nikashindwa. Siyo kwa woga. Niliona kwamba nikimwonyesha nitakuwa nimemuua, yeye bila mlima ni nini? Lakini kumwacha aende tena sikuweza. Kwa hiyo, Mungu anisamehe, nilikwenda kwake akiwa zizini na daktari wa ng'ombe, nikafungua boneti ya pikapu yake, nikachomoa kile kifuniko cha nyaya za plagi ili gari lisiwake, nikakitia kwenye mkoba wangu wa kanisani. Mwezi mzima nimesali na kifuniko cha gari mapajani. Fundi alileta kingine, nikakichomoa na hicho.

Siku ya Shukrani nilimwalika. Nikampa bata mzinga, akala, akasema ni mkavu. Alikuwa anakoroga kahawa, akaniambia, "Unajua, yule dume wangu nilimfuata tena, ile Jumatatu ya kwanza. Nilikaa palepale kwangu, hatua sitini kutoka ule mti ulioinama. Nilijua yupo, nilikuwa namwona wa kahawia chini ya mti. Nikasubiri aite tu nipate hakika. Hakuita. Akakohoa kama mzee, akaondoka."

Gaylen, kijiko kilinitoka mkononi.

Nikainuka, nikaleta picha, nikamwekea mbele. Nikasema, "Tazama hii." Akaishika, akaisogeza puani, akaisogeza mbali, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akatikisa kichwa, akasema, "Dume zuri hilo."

Alikuwa ameishika juu chini.

Sijawahi kupigwa kofi na mtu maishani mwangu, lakini nadhani ndivyo kulivyo. Mezani umekaa na mtu tangu uzaliwe, unacheka naye kuhusu malango na vikombe, na mtu mwenyewe yuko gizani na hakukwambia. Nikamshika kidole, kama unavyomfundisha mtoto kusoma. Nikakiweka kona ya kulia.

"Hapa kuna mtu," nikamwambia.

"Mtu gani?"

"Wewe."

Akacheka kidogo. "Nafanya nini?"

"Umenilenga mimi, Orrin. Ile sauti ilikuwa yangu. Na aliyekohoa ile Jumatatu ni mimi."

Hakuondoa kidole. Nikakiburuta upande wa kushoto taratibu, mpaka kwenye pembe. "Na huyu ni dume," nikasema. "Wa kweli. Hatua thelathini kutoka kwako. Alikuwa amesimama hapa muda wote."

Unajua aliuliza nini? Hakuuliza kama niliumia. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza, na akauliza kwa sauti ndogo mno, "Alikuwa hapo?"

Kisha akatoka nje bila koti, akashika nguzo ya baraza, akatapika chakula changu chote. Nilimfuata nje. Nilipomgusa bega akaniuliza, "Ulivaa koti gani?" Nikamwambia lile alilonipa yeye. Akalia, Gaylen. Hakulia hata tulipomzika mama yako. Alilia kwa sauti mpaka mbwa akaja kumtazama.

Asubuhi yake nikamkuta ameshafika kwangu kwa miguu, maili mbili kwenye theluji. Akanipa kitu kimefungwa kwenye leso. Kile chuma cha nyuma cha bunduki, kinachosukuma risasi ndani. Bila hicho bunduki ni fimbo. Akasema, "Kaa nacho wewe. Siku nikikuomba, usinipe." Nikaona nami nimrudishie vifuniko vyake vya gari. Akavipapasa kimoja kimoja. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Fundi nimemwita mwizi mbele ya watu."

Halafu akaomba koti langu, akaenda nalo bandani. Alipolirudisha alikuwa amelipaka rangi ya chungwa, ile ya mafuta tuliyobakiza kwenye trekta. Mbele, nyuma, kola, vifungo. Na kwa kuwa haoni vizuri, amepaka pia mlango wa banda na sehemu ya mbwa. Koti limekauka limekuwa gumu, nimelisimamisha kwenye kona na linasimama lenyewe.

Nimekaa nalitazama sasa hivi.

Mpigie simu. Hatakuambia lolote. Mpigie tu.

Shangazi yako,
Verna


Tacoma
13 Desemba 1987

Shangazi mpendwa,

Chapati zimefika, zilikuwa ngumu, tumezimaliza siku moja. Mtoto sasa anatambaa mbele.

Nilimpigia Baba mara tatu, kila mara akakata. Jana simu ikalia yenyewe. Nikapokea, nikasikia mtu anapumua. Hakusalimia. Akasema, "Kwenye ile picha. Dume alikuwa anatazama wapi?"

Nikamwambia, "Alikuwa anakutazama wewe, Baba."

Nikasikia anavuta kiti. Kisha, "Matawi mangapi?"

"Saba kulia. Kushoto sita, moja limevunjika."

"Saba," akasema. "Na alitulia?"

"Alitulia."

Nilitamani kumwambia nimemsamehe, na ninayo ya kuombea msamaha pia, lakini akaniwahi. Akauliza, "Huyo mtoto wako anaitwa nani vile?"

Ana miezi tisa, Shangazi, na ndiyo mara ya kwanza anauliza. Nikamwambia anaitwa Ingrid, jina la marehemu Mama. Akakata simu. Marcy, aliyekuwa ameegesha sikio kwenye mkono wa simu, anasema alimsikia analia, mimi nilisikia mlio wa waya tu. Labda kweli.

Kuna daktari wa macho hapa anayetoa mtoto wa jicho. Mwambie nimeuliza. Kitanda kipo.

Gaylen


Trask Creek
22 Septemba 1988

Mwanangu Gaylen,

Asanteni kwa kumvumilia baba yenu wiki zile sita. Amerudi na simulizi za Ingrid mpaka Bibi Ostby anajificha akimwona. Jicho la kushoto lile lililopasuliwa linafanya kazi ya kutosha kuniambia nimenenepa tena. La kulia daktari alishasema basi. Bunduki hajaiulizia. Mimi nimekaa na kile chuma tayari kukataa, miezi kumi yote, na hajaniomba hata siku moja. Mara nyingine nakiona kwenye droo na roho inanikata upya.

Humu ndani kuna mkanda mmoja.

Jumanne nilimwona baba yako mlangoni kabla ya jua, amevaa lile koti la chungwa nililomwachia, halikunjiki hata kiwikoni. Akasema, "Wewe unapuliza bomba kama paka aliyebanwa mkia. Nipe mimi." Kweli, hakuna mtu bonde zima anayeita elki kama yeye. Tukapanda pamoja, yeye kashika mkono wangu kwenye mawe, ananilaumu kila akijikwaa. Akasimama katikati ya uwanda, peupe kabisa, akapuliza. Gaylen, nywele zilinisimama. Mlima wote uliitika.

Mchungaji akatoka. Hakutokea upande aliotazamia Orrin. Alitokea nyuma yake, kimya, hatua ishirini, akasimama kumshangaa mzee wa chungwa anayeita upande mwingine. Orrin akanong'ona, "Amekuja?" Nikamwambia, "Amekuja." "Wapi?" Nilikuwa nimeshika kamera na machozi yananiziba lenzi. Nikapiga moja tu.

Sijui kama imetoka. Rangi haitaonekana, najua, koti litakuwa kijivu. Chapa kubwa, utume mbili, moja ni ya Ingrid. Mstari wa mlima ukate kama siku zote.

Kona ya kulia usiiguse. Baba yako yumo.

Shangazi yako,
Verna